Usisimame, Baba

Haya alinisimulia mke wa Mpira mwenyewe, mwaka jana msimu wa mvua, tumekaa mlangoni kwake tukikunja nguo zilizogoma kukauka. Mpira ni jina la utani alilopewa na wenzake wa zimamoto, maana akishaushika mpira wa maji, haachii.

Siku ghala lilipoungua, paa lilimwangukia mgongoni. Tangu hapo miguu ikawa ya kubembelezwa. Kutoka kitandani hadi chooni mkewe humbeba nusu, nusu hujikokota. Binti yao alipopata nafasi chuo cha uuguzi, karo ikawashinda. Kikosi kilikuwa na mfuko wa kusomesha watoto wa waliofia kazini au waliolemaa humo. Wakaitwa mbele ya kamati.

Mke aliazima kiti cha magurudumu. Akamnyoa ndevu, akamvisha sare. Mwenyewe alikataa katakata kwenda bila sare.

"Baba, leo unakwenda kuposa?" binti akamtania.

"Nakwenda kukuposea chuo, mama."

Wakacheka mpaka Mpira akakohoa.

Ofisini waliwakuta daktari wa kamati na karani.

"Mzee, unaweza kusimama?" aliuliza daktari.

"Hapana, daktari. Siwezi kabisa."

Mara mlango ukafunguka, akaingia mkuu wa kikosi. Mke hakuwahi kumzuia mumewe. Mpira aling'ang'ania ukingo wa meza, mishipa ya shingo ikamtoka, akainuka. Wima. Mkono ukapanda kwenye paji la uso.

"Afande!"

Mkuu akaipokea saluti. Hapohapo Mpira akaporomoka, kiti kikapinduka naye.

"Kumbe anasimama," daktari akasema.

"Si umemwona alivyoanguka?" Mke alikuwa amepiga magoti, amemshika mumewe kichwa.

"Nimemwona, mama. Na kusimama nimemwona pia. Mfuko ni wa wasioweza kusimama."

Mke akamgeukia mkuu. "Afande, wewe unamjua. Ni wewe uliyemwambia aingie ghalani."

Mkuu aliangalia viatu vyake, vimeng'aa. "Sasa kijana wangu, nani alikwambia usimame?"

"Wewe, afande," Mpira akajibu akiwa bado sakafuni. "Miaka yote."

Karani akawaambia wajaribu tena mwakani.

Nafasi ya chuo alipewa mwingine. Binti akapata kazi zahanati, ya kupiga deki. Jioni akirudi, kabla hajala, huitwaa kofia ya baba yake msumarini, akaivaa, akatoka nje, kisha akausukuma mlango kwa kishindo, kama ndiye mkuu anayeingia.

"Usisimame, baba!"

Na kila mara mikono ya Mpira hushika kitanda, mabega yakapanda.

"Umesimama."

"Sijasimama."

"Umetaka. Watakuona. Tuanze tena."

Jioni moja aliingia, na baba yake hakutikisika. Alibaki ameketi, mikono mapajani, machozi yakimchuruzika hadi kwenye kola.

"Hivyo hivyo, baba," binti akasema. Akaivua kofia, akaitundika, akaenda kulala bila kugusa chakula.

Mke alimlaza mumewe, akamfunika. Usingizi ulimchukua Mpira upesi. Upepo ukaupiga mlango, na mkono wake ukatoka chini ya shuka, ukapanda taratibu mpaka kwenye paji la uso, vidole vimenyooka, ukakaa hapo. Mkewe aliushusha. Ukapanda tena. Mwishowe akaukumbatia mkono ule kifuani kwake, akaulalia kwa uzito wake wote, naye akalala.