Basketi Kutoka Lac Vert

Vita vilipofika Bunagana, Habineza aliacha nyumba, shamba na kibanda alichokuwa akishonea viatu karibu na mpaka. Alibeba kalibu zake za mbao tu, zile za kuumbia kiatu. Mkewe, Uwizeye, alijitwika cherehani. Walitembea mpaka Goma, wakapata hema katika kambi ya Lac Vert, juu ya mawe ya volkeno yanayokatakata kandambili kama wembe.

Mawe hayo ndiyo yaliyompa Habineza wazo. Alitafuta matairi mabovu ya malori, akachonga soli. Ngozi aliipata kwa wafugaji wa Masisi, wanaoilainisha kwa maganda ya miti, bila dawa kali. Uwizeye aliokota vipande vya pamba vilivyotupwa na washonaji, akatia bitana. Zikatoka basketi, raba za wanaume, nyepesi, laini mguuni.

Mama Léocadie, mwenye butike, duka la viatu, kule mtaa wa Majengo mjini, alizikunja, akazibonyeza, akakubali kuziuza. Habineza alikuwa bado anamsaidia kuzipanga wakati mwalimu mmoja, Émile, alipoingia.

"Mama, hizi basketi ni nzuri sana! Zinatoka wapi?"

"Italie, mwalimu," Léocadie akajibu haraka.

Habineza alishtuka. Angenyamaza, kiatu kingeuzwa. Lakini moyoni aliviona vidole vya Uwizeye kule hemani, jinsi sindano ilivyovitoboa, na ulimi ukakataa kutulia.

"Hapana, papa mwalimu. Zinatoka Lac Vert, mu kambi. Ni mimi nilizitengeneza, na bibi yangu."

Léocadie aliinamisha macho. Émile aliketi kwenye benchi. Alivua viatu vyake, akavaa basketi, akatoka nje. Mbele ya butike barabara ilikuwa mawe matupu. Alipanda, akashuka, akarukaruka, hata wapita njia wakasimama kumwangalia.

Akarudi anahema. "Kila siku natembeaka kwa miguu mpaka ku masomo. Leo sikusikia jiwe hata moja." Kisha akamgeukia Léocadie. "Mama, usiseme tena Italie. Mutu wetu njo amefanya hii kazi."

"Niliogopa watu watazidharau," Léocadie alisema taratibu.

"Wavae kwanza."

Émile alilipa, akaondoka nazo miguuni, viatu vyake vya zamani mkononi. Léocadie akazitoa basketi zilizobaki kwenye rafu ya nyuma, akazileta mlangoni, mahali pa viatu vya kutoka nje ya nchi. Habineza hakungoja. Alipanda pikipiki mpaka kambini akamleta mkewe, ajionee mwenyewe.

Walipofika, wanaume wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi wakizijaribu basketi. Mmoja alikuwa ameingiza mkono ndani ya kiatu, anapapasa bitana.

"Nani alishona hapa ndani?" akauliza. "Ni laini hivi!"

Habineza alifungua mdomo, lakini Uwizeye alimtangulia. Alinyoosha kitenge chake, akaingia katikati ya butike.

"Ni mimi," alisema, na sauti yake ikasikika mpaka ng'ambo ya barabara.