Mapadri Wawili, Jeneza Moja

Bi Yusta alifariki Jumanne alfajiri, na ilipofika saa nne nyumba ilishajaa mpaka watu wakakalia ndoo. Hapa Mnyuzi msiba hauulizi dini. Babu zetu waliletwa kukata mkonge kutoka kila upande wa nchi, wakapangwa kambi moja, Mkristo na Mwislamu ukuta mmoja, na sisi wajukuu tumebaki hivyo hivyo. Mimi Husna, au Mama Ikram, nilipakana na Bi Yusta miaka ishirini na sita, kwa hiyo upawa wa msiba nilishika mimi. Na anayeshika upawa, kila neno linapita kwake kwanza.

Neno lililozunguka siku hiyo lilikuwa moja. Bi Yusta atazikwa kwa misa ipi?

Yeye na mumewe, Mzee Ernesti, walikuwa watu wa misa ya zamani. Kulikuwa na padri mzee akija kutoka Magoma kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kwa kibali cha askofu. Anaelekea altare, anawapa watu mgongo, anasoma Kilatini kwa sauti ya chini, na watu wake kumi na wawili wamepiga magoti sakafuni, kimya. Hakuna ngoma, hakuna kinanda, hakuna vigelegele. Halafu ukaja waraka wa Papa wa kuibana misa ile. Kibali kikaondolewa, na padri mzee naye hakukaa sana akafa. Wengine wakasema wazi kwamba Papa amekosea, wakaacha kabisa kwenda kanisani. Mzee Ernesti hakusema kitu. Jumapili alikwenda na mkewe kigangoni, kanisa dogo la hapa, kama wengine, akakaa benchi la nyuma, na kwaya ikianza kucheza aliinamisha kichwa.

Siku moja nilimwambia, mbona sisi tunaswali Kiarabu, wengi wetu hata hatukijui, na hakuna aliyetuambia tubadilishe. Akanitazama, akasema ninamwelewa kuliko katekista wao. Tangu hapo nikajiona mtaalamu wa dini mbili.

Wiki mbili kabla ya kufa, nikiwa namnywesha uji, Bi Yusta alimshika mumewe mkono. Akamwomba amzike kwa misa ile ile waliyofungia ndoa pale Korogwe, wakiwa vijana, kabla mambo hayajabadilika. Vazi jeusi, Kilatini, bila ngoma. Mzee akasema ndiyo. Nilisikia kwa masikio yangu.

Sasa msibani mzee amekaa tu kwenye kiti cha kamba, na binti yao Pendo ndiye anayepanga. Akakubaliana na paroko, Padri Hiza, kwamba mazishi ni Alhamisi saa nane, misa ya Kiswahili, kwaya itaimba. Mzee akaitikia kwa kichwa. Mimi jikoni nikawaka moto. Mtu ameahidi mbele yangu!

Ndani ya kitabu cha sala cha Bi Yusta kulikuwa na karatasi yenye namba ya Padri Dunstan. Huyu alianza kuja Mombo akiwakusanya wale waliotawanyika, anawasomea misa ya zamani kwenye chumba cha kupanga. Nikampigia. Nikamweleza yote, mpaka ile ahadi. Sikumwuliza Pendo, sikumwuliza mzee. Kwetu jeneza likiwekwa, anayejua kuswalisha anasogea mbele, watu wanajipanga safu nyuma yake, kazi imekwisha. Nikadhani padri ni padri.

Alhamisi saa sita akashuka kwenye bodaboda, kanzu nyeusi imejaa vumbi, mkononi ana sanduku. Padri Hiza alikuwa tayari sebuleni, pembeni ya jeneza. Uani wanawake wakaacha kumenya viazi. Padri Dunstan akatoa pole, akafungua sanduku, akatandaza kwenye meza vazi la misa, jeusi, limedariziwa nyuzi za fedha.

Mzee Ernesti akasimama. Siku tatu hakuwa amesimama bila kushikwa. Akaligusa pindo lile kwa vidole viwili, na mimi mlangoni nikajisifu moyoni.

Pendo akauliza nani amemwita. Nikasema mimi. Akageuza uso.

Padri Hiza hakupandisha sauti. Alisema ndani ya kanisa la kigango hawezi kuruhusu, maana mwenzake hana ruhusa ya askofu. Mzee akitaka afanyiwe hapa nyumbani, yeye atatoka bila ugomvi, ila mzee ajue kwamba litakalofanyika liko nje ya Kanisa. Padri Dunstan akasema Kanisa ni hili analolishika yeye, wao ndio waliotoka. 

Mzee alikuwa bado ameshika pindo.

“Padri,” akamwuliza Dunstan, “kwenye misa yako Papa unamtaja?”

Baadaye Pendo alinieleza kwamba katika kila misa yao kuna mahali jina la Papa linatajwa, aombewe. Padri Dunstan alijibu kirefu. Mwisho wake ukawa hapana. Kwamba tangu mapapa waanze kubomoa, kiti kile yeye anakihesabu hakina mtu.

“Mke wangu alimwombea Papa kila jioni,” mzee akasema. “Hata huyo aliyetunyang'anya misa. Mimi nilikuwa nanyamaza hapo, yeye anataja. Ukiliruka jina lile, umemruka na yeye.”

“Mzee, ulimwahidi,” Padri Dunstan akasema.

Mzee akanitazama mimi, wala si yeye. “Nilimwahidi,” akasema. “Sitatimiza.” Akaanza kulikunja vazi taratibu, kama wanavyokunja mapadri wenyewe, bitana nje, akalirudisha sandukuni.

Mgeni wa msiba haondoki na njaa. Nilimpakulia Padri Dunstan wali, akala peke yake kivulini, akanishukuru kwa adabu, akaondoka. Saa nane tukampeleka Bi Yusta kigangoni. Ngoma zililia, kwaya ikaimba, na mzee alipiga magoti sakafuni tangu mwanzo mpaka jeneza lilipotolewa.

Siku ya kumaliza matanga nilimaliza kusugua masufuria nikamwendea. Nikamwomba radhi kwa kumleta mtu bila kuuliza.

“Mama Ikram, hukuleta ubaya,” akasema. “Ila usingempigia, ningemzika vile vile, na ningekuwa na wa kumlaumu. Askofu. Papa. Sasa lile vazi lilikuwa mezani kwangu, na nimelikunja mwenyewe.”

Nikamwuliza kama anajuta.

 Nje adhana ya alasiri ilishapita na nilikuwa nimechelewa.

“Alichoniomba Yusta nimempa Papa,” akasema. “Na Papa hata hajui.”

Nilitaka kumwambia kwamba Bi Yusta atakuwa ameelewa, maneno yale ya msibani ambayo mimi husema bila kufikiri. Sikuyasema. Nilivuta kigoda nikakaa naye, mpaka Pendo alipokuja kuwasha taa.