Maji ya Mtoni Yalipokosa Njia

Mwaka 1951, asubuhi, Mwanakombo alikuwa akikaanga vitumbua nyumbani kwake Mtoni, Temeke, maji ya bahari yalipoingia jikoni kwa mlango wa uani. Aliinua kikaango, akakiweka juu ya meza. Maji hayakuwa na pa kwenda. Mkono wa bahari uliokuwa ukiyapokea ulikuwa umekatwa mikoko na kujazwa kifusi, ipite barabara ya magodauni mapya.

Nyuma ya maji aliingia mama yake, aliyefariki zamani. Sanda yake ilikuwa imejaa tope. Akaketi kitandani.

"Wamenimwagia kifusi," alisema. "Nimeshindwa kulala."

Jirani yao Bernadeta, mwenyeji wa Masasi, alikuwa amekuja kununua vitumbua. Alimwambia marehemu shikamoo, akachukua vyake, akaondoka amekunja gauni hadi magotini.

"Kaka yako hakuwaambia watu wa barabara?" mama aliuliza.

Mwanakombo alifunika kikaango. Kaka yake Jabiri ndiye aliyekuwa nyapara wa kazi ile. Alikuwa amemwapia kwamba kaburi la mama limezungushiwa uzio na barabara italikwepa. Mwanakombo akaamini, akawa anampelekea wali kila adhuhuri, yeye na vibarua wake.

Alikwenda kumwita. Jabiri alivua viatu mlangoni, akaingia majini, akambusu mama mkono.

"Jabiri, ulisema sina kaburi?"

"Waliuliza kama pana mtu, mama. Ningesema pana, wangeleta nyapara mwingine."

"Na mie ukaniapia," Mwanakombo alisema. "Huku unakula wali wangu."

"Ningekwambia ungelia, dada."

Akamwuliza mama kama anahitaji kitu. Mama akasema anataka pahali pake. Jabiri akasema pale pameshashindiliwa, akavaa viatu, akarudi kazini. Wali wa siku ile Mwanakombo aliumwaga sakafuni, kamba walioingia na maji wakaula. Kisha akakaa kitandani kando ya mama yake, akalia kama alivyotabiriwa.

Tangu hapo mama akawa anaingia na kila bamvua, bahari inapojaa sana, na kutoka maji yakitoka. Mwanakombo aliinua kitanda kwa matofali, akamshonea sanda ya kubadilisha. Barabara ilipofunguliwa, lori la kwanza kupita lilimbeba Jabiri mbele, kando ya dereva. Lilipofika juu ya kaburi alimwambia dereva apunguze mwendo, apige honi, awasalimie mama yake na dada yake.