Vishindo vya Saa Kumi na Mbili

Hakuwa na kocha, wala medali, wala ukucha kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Hakuwa na cheti chochote chenye jina lake kamili. Alichokuwa nacho ni kazi: mkimbiaji wa majaribio katika kiwanda cha viatu. Kila asubuhi alikimbia dakika arobaini juu ya mkanda wa mashine, na chini ya mkanda bamba la chuma lilipima kishindo cha kila hatua.

Siku walipomvisha kiatu kipya, chenye soli nene kama mkate, hatua zake zikawa ndefu, akaanza kutua kwa kisigino. Bamba likasoma sifuri.

"Hata paka ana zaidi," alisema fundi wa vipimo.

Saa kumi na mbili jioni vile vishindo vilifika nyumbani. Vilikuja kimoja kimoja, kwa mpangilio uleule wa asubuhi, vikapita sakafuni hadi kwenye magoti ya mama yake, aliyekuwa ameketi akishona kifungo. Mama alisubiri viishe.

"Leo umekimbia vibaya, mwanangu. Unakanyaga kama umetumwa kubomoa nyumba."

Kesho yake mama aliondoa vikombe rafuni mapema. Kufikia Ijumaa magoti yake yalikuwa yamevimba, naye hajawahi kukimbia maishani.

Kiatu kilibakiza karatasi moja tu kiende madukani: saini ya mkimbiaji kwamba kinamaliza kishindo.

"Hakimalizi," mkimbiaji alimwambia meneja. "Kinampelekea mama."

"Karatasi inauliza mguu wako, dada. Haimuulizi mama."

Alivua viatu, akapanda mkandani pekupeku. Akatua kwa sehemu ya mbele ya wayo, hatua fupi za haraka, misuli ya nyuma ya mguu ikibeba sehemu yake. Bamba likasoma namba ndogo.

"Andika hiyo," alimwambia fundi. "Hiyo ni yangu."

Fundi akaandika kwa penseli. Meneja akafuta, akatia saini mwenyewe kwa mkono wa kushoto, ili isifanane na yake. Mkimbiaji akaambiwa asirudi.

Kiatu kilipendwa sana. Siku hizi, ikikaribia saa kumi na mbili, mtaa mzima huondoa vikombe rafuni, na bibi wa jirani hukaa miguu ikiwa ndani ya ndoo ya maji baridi, akisubiri mbio za mjukuu wake.

Magoti ya mama hayakupona. Jioni moja alimtazama binti yake akiandika barua ya thelathini na moja kwenda kiwandani.

"Herufi kubwa, mwanangu. Wasije wakasema hawakuona."

Binti alisubiri vishindo vya jirani vipite, mwandiko usitetemeke, kisha akamaliza: KISHINDO CHA MGUU NI CHA MWENYE MGUU. NIRUDISHIENI CHANGU.

Akalamba gundi, akaiweka bahasha sakafuni, akaibana kwa kisigino kitupu mpaka ikashika. Halafu akakimbia nayo pekupeku hadi posta, na kila hatua ililia palepale alipokanyaga.