Mchangama Alikwenda Mbali Mno

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Alhamisi, tarehe tano Septemba 1963, na wala hayakuanza kwa sura ya kuharibika. Yalianza kwa kofia. Mchangama Halidi, mshona magunia wa bandarini Mahajanga, mgane, mtu ambaye tangu azaliwe hajapata kupumzika ila siku ya Idi, na hata siku ya Idi alipumzika kwa kununa, aliingia sokoni Hell-Ville, mji mkongwe wa kisiwa cha Nosy Be, akanunua kofia ya ukili yenye pindo pana kama sinia. Akaivaa juu ya kofia yake ya kushona, moja juu ya nyingine, akatoka akitembea bila kujua aendako.

Alikuwa likizoni. Neno hilo alikuwa akilisikia kwa wakubwa tu. Wafaransa walikwenda likizo, na hawa wetu waliokaa kwenye viti vyao, viti vikiwa bado vya moto, nao wakajifunza kwenda likizo kabla hawajajifunza kazi. Basi na yeye leo yumo. Kwenda likizo, aligundua, ni kitu chepesi: unafika pembe ya njia, unajiuliza kulia au kushoto, na jibu lolote ni sahihi.

Akaenda kushoto. Akapita nyumba za zamani zenye baraza za mbao na kuta zilizobanduka chokaa, madirisha yake yamefungwa kama macho ya mtu anayejifanya amelala. Akaenda kulia, akaikuta bahari, na mizinga ya kale imeelekezwa majini kumngoja adui ambaye hakuja. Akaenda kushoto tena, kulia tena, akaikuta mizinga ile ile. Akacheka peke yake. Upepo ulileta harufu ya maua ya malangilangi yanayopikwa mafuta huko mashambani, harufu nzito, tamu, ya bibi harusi, nayo ikampanda kichwani mpaka akajiona kama mtu aliyevuta kitu kisichofaa. Mara ya tatu alipoikuta mizinga, aliona ni dharau kuipita hivi hivi. Akaupanda mmoja, akaketi, miguu inaning'inia.

"Dadilahy!" akaita askari mmoja kijana, akimwita babu kwa Kimalagasi. "Shuka hapo. Sheria inakataza kukalia mzinga."

"Tangu lini?"

Askari akafikiri. "Tangu uhuru."

"Na wakati wa Mfaransa?"

"Wakati ule nilikuwa mdogo. Nilikuwa naukalia mwenyewe."

Mchangama akacheka mpaka kofia ya juu ikaanguka. Askari akaiokota, akaipangusa vumbi, akamrudishia kwa heshima, naye akawa anacheka. Siku nyingine Mchangama angelimtolea hotuba nzima juu ya serikali inayolinda vyuma ikaacha watu. Leo alishuka, akapiga saluti, akaenda zake kulia.

Ni nini kilichomlevya hivi mtu mchungu kama shubiri? Si likizo peke yake. Ilikuwa hila. Kesho yake, Ijumaa, baada ya sala, binti yake Kouraichia, mtoto wake wa pekee, alikuwa aolewe nyumbani kwao Mahabibo, mtaa wa Mahajanga. Mposaji alikuwa Athoumani, karani wa ofisi ya serikali, kijana wa tai na viatu vinavyolia. Akimwoa atamchukua, kwa kuwa makarani huhamishwa, na nyumba ya Mahabibo itabaki na Mchangama na paka.

Kukataa mbele ya watu hakukataa. Alijua vizuri: baba akimzuia binti bila sababu ya sheria, kadhi humwondoa kando akaoza mwenyewe. Lakini mtu asiyesema ndiyo wala la, mtu aliyeaga tu kwamba kifua kinambana, anakwenda kupunga hewa Nosy Be, huyo amekataa nini? Ndoa haifungwi bila walii. Walii ni baba. Baba yuko likizoni. Wa kushika nafasi yake hakuna: ndugu wa kiume Mchangama hana, baba yake alikwisha zikwa, mtoto wa kiume Mungu hakumpa. Na chombo cha kurudi ni Jumamosi! Kila alipolikumbuka hilo alitaka kurukaruka njiani kama mtoto aliyetoroka chuoni.

Adhuhuri akaingia msikitini. Akasali rakaa mbili badala ya nne, na alasiri akaivuta hapo hapo, mbili nyingine, kwa ruhusa ya msafiri. Hata sala ilikuwa likizoni. Alipotoka, wenyeji bado walikuwa ndani.

Nje, ng'ambo ya njia, mwanamke mnene aliyejitanda shiromani nyekundu alikuwa na meza ya chai barazani kwake. Jina lake Hadjira, Mngazija kama yeye ila aliyezaliwa papo hapo Nosy Be. Alisema naye kwanza Kimalagasi, kisha alipomsikia matamshi akageukia Kingazija.

"We mgeni mwenye vichwa viwili! Mbona umetoka kabla ya imamu? Umefukuzwa?"

"Nimepunguza, bibi. Mimi msafiri. Natoka Mahajanga."

"Na kofia mbili ni za nini?"

"Moja ya Mungu, moja ya jua."

Hadjira akacheka, akamvutia kigoda. Akamtilia chai, akamkatia kipande cha mkate wa sinia kilichokuwa bado kinatoa moshi, na Mchangama akakila akifumba macho. Tangu mkewe Zaïnabou afariki hajala mkate wa sinia wa moto. Kouraichia aliweza kila kitu jikoni isipokuwa huo. Ukimtoka mgumu kama kigae, naye baba akiutafuna bila kusema neno.

Tamu ikifika tumboni ulimi hulegea. Kabla ya kikombe cha pili Mchangama alikuwa amekwisha mweleza hila yote, tangu kifua kinachobana hadi chombo cha Jumamosi, akipiga paja lake.

"Kesho watakaa pale," akasema, "kadhi na joho lake, karani na tai yake, wali umekwisha pikwa, na walii hayuko! Watafanya nini? Wataniozesha mimi?"

Alingoja Hadjira acheke. Hadjira hakucheka. Aliweka birika chini, akamtazama kama mtu anayetazama ng'ombe aliyepanda ngazi.

"Ba Kouraichia," akasema polepole. "Umesali rakaa ngapi?"

"Mbili."

"Kwa nini?"

"Si nimekwambia? Nimesafiri. Mbali."

"Mbali kiasi cha kupunguza sala."

"Ndiyo."

Hapo ndipo Hadjira alipocheka, na alicheka kweli kweli, akishika meza, vikombe vikigongana. "Ee Mola wangu! Mtu amejipalia makaa, na mkaa kaununua mwenyewe! Baba yangu alifanya hivyo hivyo. Alimchukia Soilihi, marehemu mume wangu, akapanda chombo akaenda kisiwani Maore ili nisiolewe. Kadhi akauliza, walii yuko wapi? Wakamwambia, Maore. Akauliza, huko msafiri anapunguza sala? Wakasema anapunguza. Akasema, basi leteni mashahidi. Walii akiwa mbali kiasi hicho, kadhi anasimama mahali pake. Niliolewa saa ile ile."

Mchangama akaurudisha mkate mezani.

"Ungejificha mle mle mjini kwenu, Mangarivotra," Hadjira akaendelea, akijifuta machozi kwa ncha ya shiromani. "Ungejificha Tanambao, chini ya uvungu wa kitanda cha mtu. Wangelazimika kukutafuta, na wasingekupata, na harusi ingekaa. Lakini wewe? Umekwenda mbali mno! Umemwachia kadhi mlango wazi, na taa umemwashia."

Mchangama akapangusa makombo kifuani. Kisha kicheko kikamtoka, hakujua kimetoka wapi. Kicheko cha mtu aliyeanguka mbele ya watu na kujiona jinsi alivyoanguka. Akacheka, Hadjira akacheka naye, na watu waliokuwa wakitoka msikitini wakasimama kuwatazama wazee wawili wanaolia kwa kucheka mchana kweupe.

Kilipoisha, alikuwa hana furaha.

"Na nikituma neno kwamba sikubali?"

"Una sababu gani?"

"Anafanya kazi ofisini."

"Hiyo ni sababu?"

"Kwangu inatosha." Akaivua kofia ya ukili, akaiweka magotini. "Mke wangu alipozidiwa, nilikwenda hospitali kuomba gari la wagonjwa. Wakaniambia gari limekwenda kubeba viti. Mheshimiwa alikuwa anakuja kuhutubia, na viti havikutosha. Nikamsukuma Zaïnabou kwenye kigari cha pusipusi, mimi na jirani. Njiani tukapishana na gari lile. Limejaa viti, bibi. Vizuri, vya kukunja."

Hadjira hakusema pole. Alimwongezea chai, akaisogeza karibu na mkono wake.

"Athoumani ndiye aliyepakia?"

"La. Wakati ule alikuwa bado skuli."

"Basi?"

"Basi ofisi ni ile ile."

"Nyumba yangu hii aliijenga mwizi," Hadjira akasema. "Mimi nauza chai. Haya, mtoto mwenyewe anasemaje?"

"Nani?"

"Kouraichia! Anaolewa nani, wewe?"

"Hasemi kitu. Walipokuja wanawake kumuuliza, alinyamaza. Wakapiga vigelegele. Si unajua, kimya cha mwari ni ridhaa."

"Wewe ulimuuliza?"

Mchangama akaigeuza kofia magotini. Alimwona Kouraichia ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi, ameinamisha kichwa, siku wale wanawake walipokuja. Hakusema kitu. Lakini mama yake alipofariki, wiki nzima hakusema kitu vile vile. Alipofaulu mtihani wa skuli hakusema kitu. Baba aliambiwa na jirani. Sahani ikivunjika, hakusema kitu. Alikuwa mtoto wa kunyamaza, kama baba yake alivyokuwa mtu wa kulalamika. Huenda maneno yote alimwachia baba. Na katika kimya hicho wanawake walisikia ndiyo kwa kuwa walitaka ndiyo. Kadhi alisikia ndiyo. Na yeye Mchangama, kusema kweli, alisikia ndiyo kuliko wote, ndiyo maana alikimbia.

"Akimtaka," Hadjira akasema, "mpe kadhi uwakala, aolewe kwa jina lako. Mimi baba yangu aliporudi na zawadi, sikumpokea. Mpaka anaingia kaburini tulisalimiana kama watu wa foleni. Na akiwa hamtaki, aseme. Mwari akisema la, hakuna kadhi anayemwoza. Lakini sharti aulizwe leo. Posta wanafunga mapema, wanajipenda hao."

Mchangama hakungoja tena. Aliruka, akakumbuka hajui posta iko wapi, akarudi. Hadjira alikwisha funika birika, kujitanda na kuiokota kofia. Wakaenda mbio njia nzima, yeye mbele na mama mnene nyuma akimwelekeza kwa sauti, "Kulia! Si huko, kulia kwako wewe!" Wakaipita mizinga. Askari akawaona, akapiga saluti. Mchangama alikuwa na hofu moyoni, lakini miguu ilikuwa bado na likizo yake. Ilikimbia kwa wepesi wa aibu kwa mtu wa umri ule, na harufu ya malangilangi ikawa inawafukuza nyuma.

Posta kulikuwa na watu wachache na karani mmoja, Mikidache, kijana wa tai. Mchangama alipoiona ile tai akasita mlangoni. Hadjira akamsukuma.

"Nataka telegramu," akasema. "Mahajanga, Mahabibo. Ifike leo."

"Ya nini, baba?"

"Ya harusi."

Mikidache akatabasamu. "Za harusi tunayo maneno tayari kwa Kifaransa. Pongezi na heri nyingi. Huna haja ya kujisumbua."

"Sitaki ya tayari!" Mchangama akang'aka, na foleni yote ikageuka. "Kila kitu mmekwisha kukifanya tayari! Mnatuletea hotuba tayari, mnatuletea na vifo tayari. Neno hili nitalisema mwenyewe."

Kijana hakukasirika. Alivuta karatasi, akachovya kalamu wino, akangoja. "Sema, baba. Mimi nitalifasiri, lakini sitabadili kitu."

Mchangama akashika ukingo wa meza. Alitazama dari. Akamtazama Hadjira, aliyekuwa anatweta na kujipepea kwa ile kofia ya ukili. Kisha akasema kwa sauti ndogo, neno moja moja, naye Mikidache akaandika, akafuta, akaandika. Alipomaliza akauliza, "Nikusomee?"

"Soma."

Basi karani akasoma kwa sauti ya kazi, kama anavyosoma yote, ya misiba na ya bei za vanila, na mle posta watu wakaacha mazungumzo yao kusikiliza.

"Kouraichia, binti Mchangama. Baba yako yuko Nosy Be, mzima. Kadhi angoje jibu lako. Watu wote wamesema, wewe hujasema. Athoumani unamtaka?"