Kuni za Miwati

Générose alikuwa amechemsha maharage Rwezamenyo kwa miaka kumi na miwili. Mtaa ule watu wengi hawana kuni wala nafasi ya kungoja maharage yaive, kwa hiyo hununua yaliyokwisha kuchemshwa, wakaenda kuyaunga kwao. Alilelewa Bujumbura, akaja Kigali akiwa ameolewa, na mumewe alipofariki ni masufuria yale yaliyomkuza binti yake Liliane mpaka naye akaolewa.

Jirani yake Raihana alipoachika, Générose ndiye aliyemfundisha kazi: namna ya kuloweka, namna ya kuengua povu, na kwamba maji baridi hayaongezwi chunguni. Raihana akafungua jiko lake upande wa pili wa ukuta. Wateja waliwatosha wote wawili, na hakuna aliyenuna.

Mambo yaligeuka msimu wa mvua. Kuni za mikaratusi alizonunua Générose zilikuwa mbichi, zikatoa moshi kuliko moto. Kwa Raihana moshi haukuonekana. Maharage yake yaliiva kabla watu hawajaenda kazini, na wateja wa Générose wakaanza kupita mlangoni pake na bakuli zao, wakamsalimia kwa adabu na kuendelea mbele.

"Kuni zako unazitoa wapi?" Générose alimuuliza Raihana siku moja, akijitahidi sauti yake isionyeshe kitu.

"Mzee Melchior ananipa. Ni miwati, iko mingi kule Nyarutarama."

Jibu hilo lilimchoma Générose kuliko moshi. Melchior alikuwa mtunza bustani wa jumba moja la Nyarutarama, mjane kama yeye. Kwa miaka sita, kila Ijumaa jioni alikuja kula maharage kwenye benchi la Générose. Naye alilelewa Bujumbura. Ni yeye peke yake pale mtaani aliyeweza kuzungumza naye habari za mtaa wa Buyenzi wa kule bila kuelezwa ni wapi. Tangu Pasaka alikuwa haji. Générose alikuwa amejiambia kwamba mzee anaumwa miguu.

Kesho yake alifunga jiko, akapanda basi. Nyuma ya jumba lile kulikuwa na mteremko. Zamani mtu alipanda miwati michache iwe uzio, mbegu zikasambaa, miti ikafunika mteremko wote mpaka nyasi zikafa na chemchemi ya chini ikakauka. Sasa mwenye nyumba alikuwa amepata kibali cha kuing'oa yote, na waliokuja kuing'oa walilipwa kuni. Générose alisimama barabarani akatazama kupitia uzio. Raihana alikuwa chini pale, jembe mkononi, kitenge kimefungwa juu ya magoti, matope hadi viwikoni. Aling'oa miche, akaitupa, akang'oa tena. Halafu akasimama na kuutazama mkono wake. Melchior akamwendea, akaushika ule mkono, akainamisha kichwa na kuchomoa kijiti kilichomwingia. Kilipotoka hakuuachia upesi.

Générose hakuwaita. Alirudi Rwezamenyo, akaenda moja kwa moja kwa afisa wa misitu, akasema, "Jirani yangu ana magogo mengi nyumbani. Sijui kama ana ruhusa ya kukata miti."

Asubuhi iliyofuata gari la misitu lilikuja likazoa kuni zote za Raihana, hata zilizokuwa zimeanza kuungua. Générose alikuwa ndani akisikiliza. Alitarajia kufurahi, na kweli alifurahi, kwa muda kama wa kukatia kitunguu. Kisha mlango ukagongwa. Raihana alisimama pale ameshika sufuria kwa kanga, maharage yake yameiva nusu.

"Mama Liliane, niazime moto wako. Haya yakipoa yatakuwa mawe."

"Weka pale," alisema Générose, akampisha.

Walikaa pande mbili za jiko. Raihana alichochea, akafuta macho yaliyowashwa na moshi.

"Melchior ametaka kunioa," alisema. "Nimemwambia mimi ni Mwislamu. Amesema atangoja nifikiri."

Générose aliyatazama maharage yakigeuka ndani ya maji. Miaka sita ya Ijumaa, na hakuwahi kuulizwa swali lolote la kufikiriwa.

"Ni mimi niliyekushitaki," alisema.

"Najua."

"Nani amekuambia?"

"Wewe. Nimeingia hapa na sufuria mkononi, hukuniuliza moto wangu umekwenda wapi."

Raihana alingoja mpaka maharage yalipoiva, akaonja moja, akainua sufuria yake na kutoka bila kuaga.

Kesho yake Melchior alifika mtaani na nakala ya kibali, na kuni zikarudishwa. Alipita mbele ya benchi la Générose. Alimsalimia kwa kuinua kofia tu, na hilo lilimuuma kuliko kama angemtukana.

Wiki ile ile Générose alikwenda tena Nyarutarama, safari hii akaingia getini. Alimwambia Melchior kwamba amekuja kung'oa miti kama wengine. Melchior alimpa jembe, akamwonyesha pembe ya mbali ya mteremko. Aling'oa toka asubuhi hadi saa kumi. Kila aliponyoosha mgongo aliwaona wale wawili upande wa juu, na wivu ulikuwa mle mle kifuani, haukupungua hata chembe. Lakini aliinama tena. Jioni alirudi nyumbani na mzigo wake wa kuni.

Melchior na Raihana walifunga ndoa ya serikali mwezi wa nane. Générose hakualikwa. Siku ile alichemsha maharage kama kawaida, akayauza yote, akalala mapema.

Ilikuwa Oktoba Raihana aliposema naye tena, akiwa amesimama ukutani akitazama jiko la Générose likifuka moshi.

"Usiichome miwati na maganda yake," alisema. "Menya kwanza. Ganda ndilo linaleta moshi."

"Asante," alisema Générose, akaenda kutafuta panga.