Muhogo wa Karibu na Bafu

Marehemu mke wangu Zuena hakuwahi kuinjika muhogo kabla ya kuuonja. Alikata kipande kibichi, akakigusa kwa ncha ya ulimi, akasubiri. Nilimcheka miaka thelathini. Alisema muhogo ukikosa maji unaogopa, na ukiogopa unajitia sumu usiliwe. Sasa hayupo. Siku aliyozidiwa, gari la wagonjwa lilikuwa limewapeleka wakubwa mkutanoni, na hilo sisamehe.

Mvua za vuli hazikuja Kwaluguru. Za masika zikaja siku nne, zikaondoka. Muhogo wetu ni mbegu tuliyogawiwa na bwana shamba Erasto, akatuapia kuwa ni mtamu, hata mtoto atautafuna mbichi. Ukaanza kudondosha majani ya chini, kisha ya kati. Yaliyobaki yalining'inia kila adhuhuri kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Nikipita pale nilikaza mwendo. Shamba lilikuwa na ukimya wa mtu aliyejifungia ndani na hataki kuitwa.

Unga uliisha Jumatatu. Jumanne asubuhi nikang'oa mashina matano kule juu shambani, na moja hapa karibu na bafu letu la nje. Nikaonja hili la bafuni kwa kuwa ndilo lililokuwa mkononi. Tamu kabisa. Nikamwambia binti yangu Hafsa achemshe yote, ahakikishe mwanawe Shamimu ameshiba, maana mtoto wa miaka sita hajui kuvumilia njaa. Kisha nikaenda ofisi ya kata kufuatilia chakula cha msaada.

Huko tukaambiwa orodha haijarudi. Wakisema haijarudi, ujue imerudi na majina ya shemeji zao. Nilikuwa najiandaa kusema hivyo, jirani yangu Mdoe akasimama. Akaeleza kuwa mbuzi wake wawili wamekufa jana kwa kula maganda ya muhogo ule ule wa Erasto. Mmoja nyuma akasema labda walisikia orodha haijarudi. Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikamwambia Mdoe atafute mchawi wake, mimi muhogo wangu nimeuonja asubuhi ile na ni mtamu.

"Umeonja wa wapi, mzee Mhina?"

"Wa bafuni."

Mdoe hakucheka. "Huo unaoga na nyie kila siku, kiu hauijui. Wa juu je?"

Nikampigia Hafsa, simu imezimwa. Nikapanda bodaboda, na njia nzima nilikuwa namuona mtoto ameshika bakuli. Nikamwambia dereva aongeze mwendo. Akasema barabara mbovu, mzee. Barabara hiyo nayo wameiahidi tangu uchaguzi ule.

Nilimkuta Shamimu amelala kwenye mkeka, gauni lina matapishi, macho nusu yamefumba. Hafsa alikuwa anampepea kwa khanga. Yeye mwenyewe hakuwa amekula, alimtanguliza mtoto.

"Alikataa, baba. Alisema mchungu. Nikamlazimisha amalize, nikamwambia babu yako kauonja."

Tukapakizana watatu kwenye ile bodaboda hadi zahanati, mtoto katikati yetu. Anavuta pumzi, ananyamaza, mpaka nasema basi. Halafu anavuta nyingine. Nilizihesabu njia nzima.

Nesi Efrazia alimwekea dripu, akasema kutapika kumemsaidia lakini dawa yenyewe ya sumu hiyo pale hakuna. Nikauliza gari. Akasema limeshaitwa. Neno hilo nalijua. Nikaketi sakafuni.

Akaja na daftari kuuliza nani aliyesema muhogo ule unafaa kuliwa. Nikaanza na Erasto, nikamwingiza mwenyekiti wa kijiji, nikafika hadi kwa waliomletea Erasto mbegu. Nesi aliandika kidogo, akaacha.

"Mwambie, baba," Hafsa akasema, bila kunitazama.

"Mimi," nikasema. "Nilionja shina moja tu."

Akaandika hilo. Gari halikuja. Adhana ya alasiri ilipokwisha, Shamimu akafumbua macho, akataka maji. Nikashika kikombe kwa mikono miwili kumnywesha, lakini maji yalikuwa yanamwagikia shingoni mwake, na Hafsa akaninyang'anya.